Waliokunywa Maji Pamoja

Baba yangu, Alby Trevaskis, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa neno moja. Ungeweza kumcheka kofia, kumpita barabarani bila salamu, hata kuisema vibaya timu yake, asikujibu kitu. Lakini ukitazama kondoo waliosongamana ndani ya lori ukasema, "Kundi zuri hilo," basi umejitafutia mwenyewe. "Hilo si kundi," angekwambia. "Huo ni mzigo."

Huku kwetu, kaskazini mwa Australia Kusini, ambako ukienda kwa jirani unafunga chakula cha njiani, neno hilo hutumika ovyo. Kangaruu ni kundi, kunguru ni kundi, ndugu wa bibi harusi ni kundi. Wapo watu wenye bumba la nyuki na mkungu wa ndizi, kila kitu na neno lake. Sisi tunalo hilo moja, nasi tunamtupia yeyote anayetembea na mwenzake. Baba hakulikubali hilo hata siku moja. Kwake kundi lilikuwa na masharti. Wawe wamezaliwa mahali pamoja. Wawe na mmoja anayetangulia na wengine wanamfuata bila kupigwa. Na juu ya yote wawe wanakunywa pamoja, kwenye hori moja, bila kusukumana. Kondoo anayesubiri wenzake waondoke ndipo anywe, huyo hata akikaa humo mwaka mzima bado ni mpita njia.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kundi linaanza na wangapi.

"Mmoja ni kitoweo," alisema. "Wawili ni ndoa. Kundi linaanza na watatu."

Mama yangu, Verna, alikuwa akikanda unga. Bila kuinua macho alisema kwamba kuna siku angechagua kitoweo.

Kundi lililokuwa roho ya Baba lilikuwa la Mama. Katika ukame mmoja wa zamani, mimi nikiwa bado sijaanza shule, kondoo majike walikuwa wakizaa na kufa papo hapo, na Mama alizunguka na gari akiokota wana-kondoo mmoja mmoja. Aliwalea jikoni kwa chupa. Nyumba nzima ilinuka maziwa na mkojo, na Baba alilalamika kila siku huku akiamka alfajiri kupasha maziwa. Wale wana-kondoo walikua, wakazaa, na wana wao wakazaa. Mama aliwapa malisho yenye kinu cha upepo kinachovuta maji mazuri kuliko yote tuliyonayo, na malisho yale tukayaita kwa Verna. Hawakuhitaji mbwa. Mama alisimama langoni akaimba, "Haya twende, haya twende," nao wakaja, wazee kwa watoto, kwa sababu kila mama alimfundisha mwanawe sauti ile.

Mama alipofariki, Baba akaanza kwenda kwa Verna kila asubuhi. Alisema kinu kinahitaji mafuta. Kinu kile kilipakwa mafuta kuliko kikaango chetu.

Aliyetangulia kundi wakati huo aliitwa Gwendoline. Mama ndiye aliyemlea kwa chupa, wa mwisho kulelewa na mikono yake, akampa jina la bibi yangu mzaa mama. Sababu ni kwamba yule kondoo hata alipokuwa mdogo alikuwa na tabia ya kutangulia hatua kadhaa, kisha anasimama na kugeuza shingo kutazama nani amethubutu kutomfuata. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo kanisani. Baba alisema kumbe mama mkwe hafi, anabadilisha sufu tu.

Sasa basi. Mwaka ninaousimulia mvua ilitupita tena, na jirani yetu wa upande wa magharibi alikuwa amechoka akauza shamba. Mnunuzi alikuwa bwana mmoja anayeitwa Fenwick Pell, anayeishi mjini. Tulimwona mara moja, na viatu vyake vilikuwa safi. Alinunua kondoo katika kila mnada, wa huku na wa kule, akawamwaga humo akitumaini mvua. Baba aliwatazama kupitia waya akasema, "Ana kondoo kibao, maskini, na hana kundi hata moja."

Kinu cha Pell kilipoharibika hakuna aliyekuja kukitengeneza. Kondoo wake wakasikia harufu ya maji yetu wakaja kwenye waya wa mpakani, wakasimama pale juani, midomo wazi. Baba alimpigia Pell simu mpaka akachoka. Simu ilimwambia kwa sauti tamu aache ujumbe.

Huku kwetu kondoo wa watu akiingia kwako tunamwita mgeni. Mgeni hafukuzwi, wala hafanywi wako. Unampa maji, anakaa na kondoo wako, na ukifika msimu wa kukata sufu majirani wanakutana mazizini, kila mmoja anatambua alama yake kwenye sikio, anachukua wake, mnakunywa chai, mnaachana. Wapo watu huku hawajasalimiana tangu baba zao, lakini wageni wa kila mmoja wanapewa maji na mwenzake. Kumwacha mgeni afe kwa kiu mbele ya hori lako ni jambo ambalo watu wangelisema hadi kwenye mazishi yako.

Baba akafungua lango. Mimi nilikuwa nimemshika mbwa. Asingelifungua yeye, ningelifungua mimi, na nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza tulikuwa tunafikiri nini. Tulikuwa tunafikiri kwamba wana kiu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilisema, kwa utani.

"Apone nini, hatuumwi," alisema Baba, na akacheka.

Gwendoline hakuwapo. Alikuwa amepata jipu kwenye kwato, tukamweka uani nyumbani, akinywa maji ya tangi letu. Wageni wakaingia kwa Verna bila yeye kuwapokea. Mwanzoni walisimama mbali. Kondoo wetu walikunywa, wakaondoka, ndipo wageni wakasogea kwa woga na kunywa yaliyobaki. Baba alikuwa akiniletea habari zao wakati wa chai kama anayesimulia mchezo wa redioni. Leo wamesogea. Leo mmoja amekunywa pembeni ya yule jike wetu mwenye sikio lililochanika. Halafu asubuhi moja alirudi akitabasamu, akatundika kofia yake.

"Wamekunywa pamoja," alisema. "Bega kwa bega. Kundi limewakubali."

Nilifurahi kwa ajili yake. Tangu Mama aondoke, si vitu vingi vilimfurahisha.

Wageni wakaanza kukonda. Wetu pia walikuwa wamekonda, ukame ni ukame, lakini wageni walikula nyasi kavu tulizowapa na bado walipungua, mpaka mifupa ya kiuno ikachomoza chini ya sufu. Wawili wakafa. Baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu kumwita daktari wa mifugo. Hakuna aliyemlazimisha.

Daktari Tamsin Rennick alikuwa binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alipasua mzoga, akachukua vipande, akaondoka. Majibu yalipotoka hakupiga simu. Aliendesha gari njia yote ile akaja kukaa mezani kwetu, na nilipoona hivyo nikajua. Ulikuwa ugonjwa wa utumbo, ule unaomkausha kondoo polepole mpaka abaki ngozi. Hauna dawa. Unapita kwenye mavi na kwenye maji, na kondoo anaweza kuwa nao miaka bila kuonyesha.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

"Basi wachukueni wageni," alisema. "Nitamwambia Pell mwenyewe, nikimpata."

"Mzee, sheria haisemi kondoo. Inasema kundi."

"Hapo tumeelewana. Wale si kundi langu. Tazama masikio yao."

"Sheria haiangalii masikio," alisema daktari. "Inasema kundi ni wanyama wote waliokula au kunywa mahali pamoja na mgonjwa. Kundi likiwa na ugonjwa, linaondolewa lote na kuuawa."

Baba aliweka birika chini. Kisha akauliza nani aliyeiandika sheria hiyo, na daktari akasema hajui, watu wa makao makuu.

"Anawajua kondoo, huyo mtu," alisema Baba.

Daktari Rennick aliutazama mkono wa kikombe chake kwa muda mrefu. Alipozungumza tena hakuinua macho.

"Naomba nikuulize, mzee, na ujibu wewe mwenyewe. Hili hori liko upande gani? Maana inawezekana wageni mliwanywesha pembeni. Kwa ndoo, tuseme. Wakati mwingine watu wanafanya hivyo."

Nilielewa. Alikuwa ametufungulia mlango, akageuza uso ili asituone tukipita. Chini ya meza nikaukanyaga mguu wa Baba kwa kiatu changu cha kazi. Nikaukanyaga sana. Baba akauondoa mguu wake.

"Walikunywa pamoja," alisema. "Wote. Nimewaona kwa macho yangu."

Daktari akafumba macho kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Alipokuwa akivaa kofia yake mlangoni, Gwendoline akalia uani, kama kawaida yake akisikia mlango. Daktari akauliza yule ni nani. Nikamweleza habari za jipu, na kwamba aliletwa nyumbani kabla ya wageni kuingia na hajatoka. Uso wake ukachangamka, ndiyo habari njema pekee aliyokuwa nayo siku nzima.

"Basi huyo anabaki," alisema. "Huyo hayumo kundini."

"Binti," alisema Baba, "huyo ndiye kundi."

Gari la daktari lilipoondoka nilimgeukia Baba. Sitaki kurudia yote niliyosema. Nilimwambia alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, neno dogo, na ndoo zipo pale ukutani, nani angejua. Nilimwambia Mama aliwaokota mmoja mmoja.

"Na mwakani tukauze madume kwa watu," alisema. "Wakanywe kwenye mahori ya watu. Halafu daktari akakae kwenye meza zao."

"Labda wetu hawajaambukizwa."

"Labda." Alikuwa ameshika kofia mkononi, anaizungusha. "Nimewaambia watu maisha yangu yote kundi ni nini, Leonie. Nimewachosha watu. Leo nianze kusema vingine kwa kuwa ni langu?"

Nilimkasirikia zaidi kwa hilo. Usiniulize nilimkasirikia nani hasa. Pell alikuwa bado anatutaka tuache ujumbe.

Siku malori yalipokuja kuwachukua kondoo, majirani hawakuweza kuja. Walikatazwa kuvuka lango la barabarani, wasibebe ugonjwa kwa viatu. Katika msiba wa kawaida wangejaa jikoni kwangu, wakipika na kuvunja vikombe. Siku hiyo walisimamisha magari nje mmoja mmoja, wakaacha keki za matunda ndani ya pipa letu la barua, wakaondoka. Nilipokwenda baadaye pipa lilikuwa limejaa hadi juu, na sisi ni watu wawili.

Tulikwenda kwa Verna mapema. Kondoo walikuwa wamelala karibu na hori, wetu na wageni, wamechanganyika, huwezi kutenga kwa jicho. Mbwa akawainua, wakatoka mbio mpaka kona ya uzio, wakazunguka, wakarudi. Wakatoka tena, wakarudi tena. Gwendoline hayupo, hakuna wa kutangulia, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Madereva walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha malori. Mmoja akaangalia saa, akaona nimemwona, akashusha mkono.

Baba akaniambia nimfunge mbwa.

Alivua kofia, sijui kwa nini. Akatembea mpaka mbele yao, akawapa mgongo, akaanza kuelekea mazizini. Halafu akaimba. Baba hana sauti, hajawahi kuwa nayo, kanisani alikuwa akifungua mdomo tu. "Haya twende, haya twende." Kwanza hakuna aliyetikisika. Kisha yule mwenye sikio lililochanika akainua kichwa, akatoka, na wengine wote wakamfuata. Walikwenda mwendo wa taratibu kabisa, vumbi dogo tu. Wageni nao wakaja. Hawakumjua Mama wala sauti yake, lakini walikuwa wameshajifunza kwa wenzao.

Mimi nilitembea nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayebaki, na hakuna aliyebaki. Nilitamani mmoja akimbie. Nilitamani hata mmoja amshuku Baba.

Walipanda malori bila shida. Dereva mzee kuliko wenzake alifunga mlango wa nyuma, akamjia Baba. Alikuwa mtu mwema, alitaka kusema kitu.

"Kundi zuri, mzee," alisema.

Nilisubiri. Nadhani hata mbwa alisubiri. Baba alitazama pua zilizokuwa zikichungulia katikati ya vyuma.

"Ndiyo," alisema. "Ni kundi."

Sheria ilisema malisho ya kwa Verna yakae matupu mpaka kiangazi cha pili kipite, na kwamba hatuwezi kuleta kondoo wengine kwa muda huo. Tukafunga lango kwa mnyororo. Tukabaki na Gwendoline uani, jipu limepona, anatembea vizuri.

Alianza kulia malori yalipopita. Alisimama kwenye waya akitazama barabara, akalia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Usiku nilijifunika mto masikioni. Asubuhi alikuwa bado pale pale, na hori lake halikuguswa. Jirani mmoja alinishauri kwa simu tumtafutie mbuzi. Nikamtafutia mbuzi. Gwendoline alimtazama kama Bibi alivyokuwa akiwatazama watu wanaochelewa ibada, akarudi kwenye waya, na mbuzi akala sabuni yangu akatoroka. Nilimletea maji kwa ndoo, nikampa kwa chupa niliyoikuta kabatini, moja ya zile za Mama. Aligeuza mdomo. Jua lilikuwa kali na mbavu zake zilikuwa zikipanda na kushuka kwa kasi.

Nilimwambia Baba kwamba huku ni kumtesa, bora tumpige risasi. Nilisema nitafanya mwenyewe. Baba alichukua kofia yake. Alitoka nje.

Nilimtazama kutoka mlango wa jikoni. Alikwenda mpaka kwenye hori la uani, akashika ukingo kwa mikono miwili, akajishusha polepole mpaka magoti yakagusa ardhi. Hayo magoti yalikuwa yamemshinda hata kufungia viatu. Akaweka kofia chini. Akainama, akatia mdomo majini, akanywa.

Gwendoline alinyamaza. Akageuka. Alimtazama, akaja hatua chache, akasimama. Baba akanywa tena, kwa sauti, makusudi. Kondoo akasogea mpaka karibu na bega lake, akanusa maji, na hakunywa.

"Leonie," alisema Baba, bila kugeuka. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni. "Sisi huku ni ndoa tu."

Nikavua aproni. Sikucheka, na yeye hakutaka nicheke. Nilipiga magoti upande wa pili wa hori nikainama. Maji yalikuwa ya moto, yana ladha ya bati, na kwenye kingo kuna ukoga wa kijani. Nikanywa. Nilipoinua macho, uso wa Gwendoline ulikuwa mbele yangu, puani kuna vumbi, na alikuwa ametia mdomo wake majini. Alikunywa. Alikunywa muda mrefu, nasi tukanywa pamoja naye, tukiogopa kuacha.

Alipotosheka akainua kichwa, akatikisa masikio, akageuka. Akaondoka kuelekea lango la nyuma la ua, lile la kwenda kwa Verna, kwa mwendo wake wa zamani. Baada ya hatua kadhaa akasimama, akageuza shingo, akatutazama.

Nilimsaidia Baba kusimama. Tukamfuata mpaka langoni, tukasimama pale nyuma yake, mnyororo umefungwa, na upande wa pili kinu kilikuwa kikizunguka na kujaza hori.